Kujitengenezea Mlio wa Simu na Sauti za Ujumbe: Mwongozo Kamili

Kabla hujakata wimbo wowote, amua kwanza mlio wako utasikika wapi. Simu inayolia katika maktaba ya McMillan na simu inayolia mfukoni mwa mtu anayepita Barabara ya Tom Mboya saa kumi na moja jioni, wakati makanga wanaita abiria na kila matatu imefungulia muziki wake, zinahitaji milio tofauti kabisa, na hakuna wimbo mtamu kiasi cha kuzifaa zote mbili. Watu wengi huanzia mwisho: huchukua wimbo waupendao, wakakata kiitikio, wakauweka, kisha wakashangaa kwa nini bado wanakosa simu. Mwongozo huu unaanza na sikio na mahali, ndipo uje kwenye kukata, kuweka, na kupangia kila mtu au kila aina ya ujumbe sauti yake. Unahusu simu za Android, ambazo ndizo nyingi zaidi mikononi mwa watu wa Nairobi, na pia iPhone, ambayo njia yake ni nyingine.

Vitu vitatu visivyopaswa kuchanganywa

Mlio wa simu ni sauti inayotoka mtu anapokupigia, nayo hurudiwa tangu mwanzo mpaka upokee au anayepiga akate tamaa. Sauti ya ujumbe hutoka mara moja tu kisha ikanyamaza. Cha tatu ni ule wimbo anaousikia anayekupigia kabla hujapokea, ambao wateja wa Safaricom huupata kupitia huduma ya Skiza kwa kupiga *811#. Huo haukai ndani ya simu yako bali kwenye mitambo ya kampuni, kwa hiyo hakuna faili utakayoitengeneza nyumbani itakayoubadilisha. Anayetaka wateja wake wasikie wimbo fulani wanapompigia aende huko, kwani kazi tunayoifanya hapa haitamsaidia.

Tofauti kati ya viwili vya kwanza ndiyo inayoamua urefu. Mlio wa simu ukiwa wa sekunde 20 hadi 30 unatosha, maana ukiisha utaanza upya. Sauti ya ujumbe isizidi sekunde mbili, na ikiwa ya sekunde moja ni bora zaidi. Sauti ya sekunde tano hupendeza mara ya kwanza, lakini ukishaingizwa kwenye kundi la maandalizi ya harusi ambapo kila mchango unapongezwa na watu arobaini, utaichukia kabla ya usiku kuingia. Mfano mzuri wa ufupi ni ule mdundo wa zamani wa simu za Nokia uliokuwa ukiashiria ujumbe: milio mitatu mifupi, miwili mirefu, mitatu mifupi tena, ambayo katika alama za Morse husomeka SMS. Haukuwa na tuni yoyote, ulikuwa mdundo mtupu, na bado mtu aliutambua akiwa chumba cha pili.

Sauti ipi inasikika, na ipi inapotea

Spika ya simu ni ndogo sana, na kwa udogo huo haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito. Chochote kilicho chini ya takriban 300 Hz (yaani mitetemo 300 kwa sekunde; kadiri inavyokuwa michache ndivyo sauti inavyokuwa nzito) hudhoofika sana, na besi inayotikisa viti vya matatu ya Rongai hutoweka kabisa ukiihamishia kwenye simu. Sikio la binadamu, kwa upande wake, lina wepesi mkubwa zaidi wa kusikia kati ya 2,000 na 5,000 Hz. Ukiyaunganisha mambo haya mawili utaelewa kwa nini wimbo unaotegemea besi na ngoma nzito hugeuka mlio dhaifu, ilhali gitaa la benga, ambalo hupigwa kwenye nyuzi nyembamba kwa noti za juu zinazofuatana upesi, hupenya mfuko wa suruali bila shida. Kayamba, filimbi, njuga, na sauti ya mwanamke au mtoto akiimba bila ala nyingi nyuma yake vinafaa vilevile. Nyatiti inafaa pia, mradi uchague mahali ambapo nyuzi za juu ndizo zinazoongoza.

Hata hivyo usichukue jambo hili kama kanuni isiyopindika, kwa sababu kelele ya mahali nayo ina sauti yake, na sauti hufunikwa upesi zaidi na kelele inayofanana nayo. Fundi wa Kamukunji anayeshinda katikati ya nyundo zinazogonga mabati hatasikia mlio wa kengele, hata ukiwa mkali namna gani, maana kengele na bati lililogongwa ni ndugu. Huyo anahitaji kitu chenye tuni inayopanda na kushuka, au sauti ya mtu anayeita kwa maneno. Mwenye duka la kinyozi linalopiga muziki mchana kutwa anahitaji kinyume chake: mlio usio muziki, kama vile mbisho wa mlango, mluzi au kelele ya ndege. Simama mahali unapofanyia kazi, fumba macho kidogo, na usikilize ni kelele gani imetawala. Kisha chagua sauti ambayo haimo humo.

Mimi hupendelea sauti za kurekodi mwenyewe kuliko nyimbo. Nyimbo huzoeleka, na pia mtu mwingine ndani ya basi anaweza kuwa na kiitikio hichohicho, mkajikuta nyote mnapapasa mifuko. Jiji hili limejaa malighafi. Makanga anapogonga bodi ya matatu mara mbili kumwambia dereva aondoke, unapata sauti ya ujumbe iliyokamilika: fupi, kavu, na yenye maana ambayo kila mkazi wa Nairobi anaielewa. Kwarara wanaopita juu ya nyumba alfajiri wakipiga kelele, kengele ya baiskeli, kifuniko cha sufuria kikigongwa na mwiko, vyote vinafaa.

Ukirekodi, tumia programu ya kinasa sauti iliyomo ndani ya simu. Shikilia simu umbali wa hatua moja au chini ya hapo kutoka kwenye chanzo, usiielekeze maikrofoni kwenye upepo, na usiizibe kwa kidole. Kwenye simu nyingi maikrofoni ni kile kitundu kidogo cha chini karibu na mahali pa kuchajia. Rekodi sauti ileile mara kadhaa mfululizo, kwa nguvu tofauti, ili uwe na za kuchagua. Acha pia sekunde mbili tatu za kimya mwanzoni, ambazo zitakusaidia baadaye kuondoa uvumi, yaani ile kelele ya chinichini. Kitu kinachogongwa kwa nguvu sana karibu na maikrofoni hupasua sauti, na sauti iliyopasuka hairekebishiki, kwa hiyo rudi nyuma kidogo badala ya kutegemea kompyuta ikuokoe.

Anayetaka wimbo anahitaji faili halisi ya sauti. Nyimbo zilizopakuliwa ndani ya programu za kulipia muziki kwa mwezi kwa kawaida hubaki zimefungwa humo, na simu haiwezi kuzitumia kama mlio. Nunua wimbo kama faili, au umwombe msanii mwenyewe ikiwa mnafahamiana. Kazi za wasanii zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, ambayo husimamiwa na bodi iitwayo KECOBO, na ukianza kuwauzia watu milio uliyoikata kwenye nyimbo za wengine bila idhini, umeingia kwenye biashara isiyo yako.

Kukata na kusafisha kwenye kompyuta

Hapa ndipo kazi ilipo. Kuna programu nyingi za kukatia sauti kwenye simu, nazo zinatosha ukiwa na haraka: unafungua faili, unavuta alama mbili hadi mahali unapotaka, unahifadhi. Lakini kidole ni kinene na skrini ni ndogo, na tofauti kati ya mlio mzuri na mlio wenye mkwaruzo mwanzoni ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Kama unaweza kupata kompyuta, hata ya saibakafe kwa muda mfupi, tumia Audacity, ambayo ni programu ya bure na haihitaji kompyuta yenye nguvu.

Fungua faili yako ndani ya Audacity. Utaona mchoro wa mawimbi: palipo na vilima pana sauti, palipo na mstari pana kimya. Sikiliza mara moja hadi mwisho bila kugusa kitu, kisha uchague kipande. Kwa mlio wa simu, usianzie pale wimbo unapoanza, kwa sababu nyimbo nyingi huanza polepole na utakuwa umepoteza sekunde nne kabla ya kitu chochote kusikika. Anzia kwenye pigo la kwanza la sehemu yenye nguvu. Kuza mchoro mpaka uone wimbi moja moja, weka mwanzo wa kipande kabla kidogo ya wimbi kupanda, kisha bonyeza herufi Z kwenye kibodi. Amri hiyo husogeza mipaka ya kipande chako hadi mahali ambapo wimbi linakata mstari wa katikati. Ukikata wimbi likiwa juu, spika hulazimika kuruka ghafla, na mruko huo ndio ule mlio mdogo wa “tak” unaosikika mwanzoni mwa milio mingi iliyokatwa ovyo.

Ukiridhika, futa kila kitu kilicho nje ya kipande, isipokuwa zile sekunde za kimya za mwanzoni. Kama ulirekodi mwenyewe, teua zile sekunde za kimya ulizoziacha, ingia kwenye orodha ya athari za sauti, chagua Noise Reduction na uiambie programu kwamba huo ndio uvumi. Baada ya hapo teua rekodi yote na urudie amri hiyo. Tumia kiasi kidogo, kwani ukizidisha, sauti hubakia kana kwamba inatoka chini ya maji. Sasa zifute na zile sekunde za kimya.

Hatua inayofuata wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo yenye faida kuliko zote. Kwa kuwa spika ya simu haiwezi kutoa besi, iondoe besi wewe mwenyewe kwa chujio linaloitwa High-Pass Filter, ukiliweka kwenye 200 Hz hivi. Huenda ukadhani unapunguza sauti, kumbe unaongeza: mawimbi ya besi ni makubwa na yanachukua nafasi yote iliyopo kwenye mchoro, na yakitoka unaweza kukuza kilichobaki. Badilisha pia sauti kutoka njia mbili (stereo) iwe njia moja (mono), hasa kama simu yako ina spika moja tu, ili ala iliyorekodiwa upande mmoja isisikike hafifu. Sasa tumia Normalize na uweke kilele kwenye desibeli −1. Mchoro ukifika kwenye ukingo wa juu na kukatika bapa, umezidisha, rudi nyuma.

Mwisho wa kipande, teua nusu sekunde ya mwisho na utumie Fade Out ili sauti ishuke taratibu. Mwanzoni kuna uamuzi wa kufanya. Kwa mtu wa barabarani, sauti ianze na nguvu zake zote. Kwa mtu wa ofisini, wa wodini au wa darasani, sekunde tatu za kupanda polepole kwa Fade In humpa nafasi ya kuizima kabla haijawageuza watu vichwa. Sauti ya ujumbe haihitaji kupanda kamwe. Ikipanda inakuwa imeisha kabla haijafika.

Sasa hifadhi. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inatosha kabisa, na kwa sekunde 30 itakuwa na uzito wa karibu kilobaiti 480, wakati WAV ya kipande hichohicho cha njia mbili huzidi megabaiti 5 bila sikio kuona tofauti kwenye spika ya simu. Kasoro ya MP3 ni kwamba huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo mlio unaojirudia husikika ukijikwaa kila unapoanza upya. Kama unataka mdundo unaozunguka bila mshono, hifadhi kwa umbo la OGG, na kwenye ukurasa wa maelezo ya faili ongeza mstari uitwao ANDROID_LOOP wenye thamani true. Android huusoma mstari huo na kuuzungusha mlio bila pengo. Katika hali hii usifanye Fade Out, bali kata mwisho pale ambapo mdundo unaungana na mwanzo. Faili ipe jina fupi linaloeleweka, kama vile “gonga-matatu”, kwa sababu jina hilo ndilo utakaloliona kwenye orodha.

Kuweka kwenye Android

Hamisha faili hadi kwenye simu kwa waya wa USB, kwa Bluetooth, au kwa kujitumia barua pepe. Ukijitumia kupitia WhatsApp, itume kama hati na si kama sauti. Kwenye kumbukumbu ya ndani ya simu kuna folda zinazoitwa Ringtones, Notifications na Alarms. Weka mlio wa simu kwenye ya kwanza na sauti za ujumbe kwenye ya pili. Kama hazipo, ziunde kwa majina hayohayo. Simu huzisoma folda hizi yenyewe na kuonyesha yaliyomo kwenye orodha zake. Usiweke mlio kwenye kadi ya kumbukumbu, maana siku utakayoichomoa simu itarudi kimyakimya kwenye mlio wa kiwandani.

Kisha ingia kwenye Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, uguse Sauti na mtetemo, halafu Mlio wa simu. Mpangilio wa kurasa hutofautiana kati ya Samsung, Tecno, Infinix na wengine, lakini karibu wote wana alama ya kujumlisha au sehemu ya sauti zako mwenyewe. Kwenye simu yenye laini mbili, angalia kama unaruhusiwa kuchagua mlio kwa kila laini. Anayetumia laini moja kwa biashara na nyingine kwa familia atafaidika kuliko anavyodhani.

Ili kumpa mtu mmoja mlio wake, fungua jina lake kwenye orodha ya majina, gusa zile nukta tatu za kona ya juu na uchague kuweka mlio. Wachague watu wachache tu: mama, mwalimu wa mtoto, mlezi aliyebaki na watoto nyumbani. Ukiwapa watu kumi na watano milio kumi na mitano hutakumbuka hata mmoja.

Kuweka kwenye iPhone

Kwa miaka mingi njia isiyohitaji kompyuta imekuwa GarageBand, ambayo ni ya bure. Fungua mradi mpya wa kurekodi sauti, nenda kwenye mwonekano wa mistari ya sauti, gusa alama ya kitanzi, tafuta faili yako upande wa faili na uiburute hadi kwenye mstari. Zima mdundo wa kuhesabia, ule wa tik tik. Hifadhi, kisha kwenye orodha ya miradi shikilia mradi wako kwa kidole, gusa kushiriki, na uchague mlio wa simu. Programu itakata chochote kinachozidi sekunde 30, kisha itakuuliza kama sauti hiyo iwe mlio wa simu, sauti ya ujumbe, au ya mtu fulani.

Kwenye iOS 26, iliyotoka mwaka 2025, mambo yamerahisishwa: ukiwa na faili ya MP3 au M4A isiyofika sekunde 30 ndani ya programu ya Faili, unaishikilia, unagusa kushiriki, na utaona chaguo la kuitumia kama mlio.

Sauti ya ujumbe inayokuambia kitu

Tangu Android 8, iliyotoka mwaka 2017, kila programu inaweza kugawanya arifa zake katika makundi, na kila kundi likawa na sauti yake. Hapa ndipo sauti ya ujumbe inapoacha kuwa pambo. Katika programu ya Messages ya Google, fungua mazungumzo yanayotoka MPESA, gusa nukta tatu, ingia kwenye maelezo, kisha arifa, na ubadilishe sauti. Mama anayeuza nguo Gikomba akiwa ameshika shati mkono mmoja na chenji mkono mwingine atajua kwamba ujumbe wa M-PESA umeingia bila kutoa simu.

Lakini kuna faida iliyo kubwa kuliko hiyo. Matapeli hutuma ujumbe ulioandikwa kama wa M-PESA kutoka nambari ya kawaida ya simu, wakitumaini kwamba mwenye duka atasoma maneno bila kuangalia mtumaji. Kwa kuwa sauti uliyoiweka imefungwa kwenye mazungumzo ya MPESA pekee, ujumbe wa tapeli utaingia na sauti nyingine, na sikio litashtuka kabla ya jicho. Usiichukulie sauti kama risiti, hata hivyo. Kabla ya kutoa bidhaa ya bei kubwa, angalia salio kwa *334#.

Kwenye WhatsApp ya Android, fungua mazungumzo, gusa jina la juu, na utafute sehemu ya arifa. Mpe mke au mume sauti yake, wape chama sauti yao, na makundi yenye maneno mengi yape sauti ya kimya, ambayo ipo kwenye orodha zote. Kwenye iPhone, WhatsApp hutumia orodha yake yenyewe ya sauti, kwa hiyo ulizotengeneza hazitatumika humo.

Kujaribu, na yanapokwama

Usijaribu mlio ukiwa umeishika simu mkononi. Iweke mfukoni au ndani ya mkoba, toka nje, na umwombe mtu akupigie. Kama ulisikia tu kwa sababu ulikuwa unasubiri, rudi kwenye Audacity ukachague kipande kingine badala ya kuongeza sauti.

Mlio usipotokea kwenye orodha, izime simu na kuiwasha, maana mara nyingine haijasoma folda upya. Ukisikika jana na leo umerudi ule wa kiwandani, huenda programu ya kusafisha kumbukumbu imeifuta faili au wewe umeihamisha. Irudishe mahali pake na uichague tena. Simu ikiwa kimya kabisa, angalia kama Usinisumbue imewashwa, na ukumbuke kwamba kwenye simu nyingi sauti ya mlio, ya arifa na ya muziki zina vidhibiti tofauti, kwa hiyo kupandisha ya muziki hakutabadilisha chochote. Ujumbe wa programu moja tu ukikosa sauti, shikilia arifa yake kwa kidole ikiwa bado iko kwenye skrini na uone kama imewekwa kuwa ya kimya, jambo linalotokea kwa urahisi mtu anapopangusa arifa kwa haraka.